Nyoka karibu na nyumba: kumtambua, kumwacha apite, na kumfikisha aliyeumwa kwa muganga



Tunaanza somo hili na deni letu. Katika masomo ya mboleo tuliwaambia muchimbe shimo la komposti nyuma ya nyumba, karibu na jiko, ili maganda ya ndizi na majivu yasipotee njiani. Wengi mulitusikia. Halafu mama mumoja wa koperative ya uwanda wa Ruzizi akaenda asubuhi mapema kutoa mboleo kwa ajili ya maharagi yake, akaingiza mkono chini ya majani makavu, na nyoka akamuuma vidole. Alikuwa nyoka mfupi, mnene, wa rangi ya bulongo. Jamaa wakamfunga mkono na mpira wa baiskeli, wakachanja na wembe, wakabandika jiwe jeusi, wakakaa kungojea "jiwe limalize kunywa sumu". Walipofika hospitali jua lilikuwa limekwisha kuzama. Mama ni mzima. Lakini vidole viwili vilikatwa, na mkono ule leo haushiki jembe sawasawa.

Shimo lile, sisi ndio tulimwonyesha pa kulichimba. Kosa la mahali ni letu. Saa zilizopotea kati ya shamba na hospitali ni jambo letu sisi wote, na ndiyo sababu somo la leo ni refu kuliko ya kawaida.

Nyoka anatafuta nini kwenye nyumba

Nyoka hamfuati mtu. Anafuata panya, chura, mayai, vifaranga, na pahali penye joto na giza pa kulala. Komposti inampa karibu vyote hivyo: ina joto, ina wadudu wanaoita chura, ina panya wanaokuja juu ya maganda, na nyoka wengine wanataga mayai yao humo humo. Kwa hiyo tunasahihisha somo letu: shimo liwe angalau hatua 20 kutoka mlango na kutoka pahali watoto wanacheza. Na mkono usitangulie. Mugeuze kwanza na uma au jembe la mpini mrefu, mungoje kidogo, ndipo muchote.

Depo ya mahindi ni ndugu ya komposti. Tumeona depo ambamo magunia yanagusa ukuta pande zote, sakafu imejaa punje zilizomwagika, na komite inashangaa kwa nini nyoka wanapenda humo. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta kiasi cha nusu mita, ili mutu apite na fagio na tochi. Punje zifagiliwe kila siku. Tundu la upana wa kidole linatosha kwa panya. Kwa panya mdogo wa nyumbani, hata tundu la kalamu. Ghala la miguu liwe na kimo cha mita 1, na kila mguu uvalishwe sahani au koni ya bati, hata ya kopo la mafuta la zamani, ili panya ashindwe kupanda. Kazi hii tunaifundisha kila mwaka juu ya hasara ya mavuno. Inalinda pia miguu yenu.

Wale wanaofuga dende (wengine munasema simbilisi) ndani ya jiko, muangalie. Sanduku lililo chini, lenye nyasi na watoto wa dende, ni meza iliyoandaliwa. Liinueni, liwekeeni wavu wa matundu madogo. Kuni na miti ya muhogo ya kupanda zisiegemee ukuta wa chumba cha kulala. Tawi linalogusa bati, likatwe. Nafasi chini ya mlango, izibwe na ubao.

Wengi wanatuuliza dawa ya kufukuza nyoka: vitunguu saumu, petroli, kiberiti cha unga, mpira wa kuchomwa. Hatujaona hata moja inayofanya kazi, na petroli iliyomwagwa kuzunguka nyumba inaharibu bulongo na inaweza kuchoma nyumba. Franga ya petroli inunue ubao wa mlango.

Na tuseme neno moja juu ya neti. Tunatembelea mashamba, tunakuta neti za malaria zimefunika pepinyeri ya kabichi. Tunaelewa: kabichi inaliwa na wadudu, neti iko pale. Lakini swila, nyoka anayetema, anajulikana kwa kuingia nyumbani usiku na kuuma watu wanaolala juu ya mkeka. Neti iliyochomekwa vizuri chini ya mkeka inazuia mbu na inazuia pia nyoka. Kwa pepinyeri tutafuta kitambaa kingine pamoja.

Kuwatambua

Kwanza mutupe nje ya akili ile sheria ya kwamba nyoka mwenye sumu ana kichwa cha pembe tatu. Ni kweli kwa vifutu. Swila na nyoka wengine wa ukoo wake wana kichwa chembamba, na ndio wanaozima pumzi ya mtu. Sheria hiyo imekwisha kuua.

Kifutu ndiye tunayemkuta zaidi kwenye uwanda na kwenye nyasi. Ni mnene kama mkono wa mtu, mfupi, mara nyingi chini ya mita 1, ana alama kama mishale iliyopangwa mgongoni, mkia mfupi. Anajiamini kwa rangi yake, hakimbii. Unaweza kupita karibu naye mara kumi asifanye neno, mara ya kumi na moja unamkanyaga. Akikasirika anapuliza kwa sauti kubwa kama mpira unaotoka upepo: hiyo ni huruma yake, murudi nyuma. Sumu yake inavimbisha na kuozesha nyama.

Kwenye msitu, upande wa Mwenga, Walikale, Mambasa, kuna wakubwa wa ukoo wake wawili. Mumoja ana rangi kama zulia la majani makavu, na kichwa kipana kama jani. Meno yake yanaweza kufika sentimita 5, marefu kuliko ya nyoka yeyote mwingine duniani. Mwingine ana vipembe juu ya pua na rangi nzuri za buluu, manjano na nyeusi. Wote ni wapole mpaka wakanyagwe. Mwenye kuokota kakao chini ya miti avae bote, na asiingize mkono ndani ya chungu ya maganda ya zamani.

Swila anayetema ni mweusi au kijivu cheusi juu, na chini ya shingo ana mkanda wa rangi ya waridi au wekundu. Anasimamisha kifua na kutanua shingo. Mate yake yanafika mita 2 hata 3, na anatafuta macho. Swila wa msituni ni mkubwa zaidi, anang'aa, midomo yake ina mistari nyeupe na nyeusi. Huyu hatemi, lakini sumu yake inalegeza mwili mpaka pumzi inasimama. Wavuvi wa Tanganyika wanamjua pia swila wa mayi, anayekula samaki na kujificha kati ya mawe. Mara nyingi anaogelea na kwenda zake, basi asishikwe katika wavu kwa mkono.

Juu ya miti, hasa kwenye misitu na michikichi, kuna yule mwembamba mrefu wa kijani ambaye huku kwetu mashariki mkia wake unageuka mweusi. Mabibi na mabwana, huyo ni ndugu ya koboko. Asichezewe. Wapanda michikichi wapige kwanza majani na fimbo. Wachuma kahawa nao wana wao: nyoka mdogo wa kijani au wa manjano mwenye magamba yaliyosimama kama manyoya, anayekaa kwenye tawi kwa kimo cha mkono. Jicho litangulie vidole.

Kuna mdogo mumoja tunataka mumkumbuke kuliko wote. Ni mweusi, anang'aa, mwembamba kama kidole, anaishi ndani ya udongo na anatoka usiku kisha mvua. Watu wanasema, "Huyu ni mtoto tu", wanamshika nyuma ya kichwa, namna wanavyoona wachezesha nyoka wakishika. Nyoka huyu anatoa jino lake pembeni, kinywa kikiwa kimefungwa. Hakuna pa kumshika. Kila mara mutu anapotuambia kwamba anajua kushika nyoka shingoni, tunamwuliza kama anamjua huyu.

Wasio na sumu ni wengi zaidi, na wengine ni wafanyakazi wenu bila mshahara. Nyoka wa nyumba ni wa kahawia, ana mstari mweupe unaopita kwenye jicho kila upande wa kichwa. Anakula panya usiku kucha. Anayemeza mayai ni mwembamba, hana meno ya maana. Atakula mayai yenu, hilo hatukatai, lakini hawezi kuumiza mtoto. Yule anayefanana na mnyoo mkubwa, ambaye hamuoni kichwa ni wapi na mkia ni wapi, anakula mchwa na mayai yao. Chatu hana sumu pia, ila chatu mkubwa ni hatari kwa mbuzi na hata kwa mtoto, tusidanganyane.

Kama hamuna hakika, muhesabu ana sumu. Wazee wa kila kijiji wana majina yao ya nyoka. Mukae nao siku moja, mulinganishe majina hayo na maelezo haya. Jina ambalo muganga na familia wanalielewa pamoja linasaidia sana usiku wa taabu.

Akiingia ndani

Kumshughulikia nyoka vizuri ni kukaa mbali naye. Musimame, mumtazame yuko wapi, mutoe watoto na mbwa, murudi nyuma hatua tano au zaidi. Mutu mumoja tu abaki kumwangalia kutoka mbali, na tochi kama ni usiku. Mufungue mlango wa nje, mufunge ya vyumba vingine, munyamaze. Nyoka anayeona njia na kimya anatoka mara nyingi mwenyewe. Kelele na mawe vinamsukuma chini ya kitanda.

Kama hatoki, kuna njia tuliyoiona ikifaulu ndani ya depo. Laza pipa au ndoo kubwa kando ya ukuta, mdomo ukimwelekea, giza ndani. Kwa fagio la mpini mrefu wa mita 2, msukume polepole kando ya ukuta. Nyoka anapenda tundu la giza, anaingia. Simamisha pipa kwa mti mrefu, funika kwa ubao, weka jiwe, mupeleke kichakani mbali. Anayefanya hivyo avae bote, suruali nzito, na miwani ya pikipiki juu ya macho. Kama ni swila amesimama na kutanua shingo, au wa kijani juu ya dari, muache. Mufunge mlango, mulale kwa jirani.

Hatutawaambia uongo kwamba hamtaua nyoka yeyote. Tunajua. Ila watu wengi wanaumwa wakati ule ule wa kumpiga. Na kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma hata kisha saa moja, kwa hiyo watoto wasikiokote, na musikibebe kwa muganga ndani ya mfuko. Picha ya telefone iliyopigwa kutoka mbali inatosha.

Usiku, tochi na viatu, hata kama choo ni hapo tu. Kabla ya msimu A, mnapofyeka na kuchoma, nyoka wanakimbia moto kuelekea nyumba. Choma kuanzia upande wa nyumba, waelekee porini, na siku chache baadaye muwe macho.

Akiuma

Shirika la Afya Duniani (OMS) linahesabu kwamba kila mwaka watu kati ya 81 000 na 138 000 wanakufa kwa nyoka duniani, na wanaobaki na kilema ni kama mara tatu ya hao. Mwaka 2017 liliweka jambo hili katika magonjwa yaliyosahauliwa. Wengi wao ni watu kama sisi wa jembe.

Hapa tuzungumze juu ya jiwe jeusi, maana tunajua liko katika nyumba nyingi, na wengine walilipata kutoka kwa watu wanaowaheshimu. Jiwe hilo ni mfupa uliochomwa. Linashikamana na kidonda kwa sababu linanyonya majimaji ya juu. Lilijaribiwa kwa panya waliotiwa sumu, halikuwasaidia kitu. "Lakini lilimponya mjomba wangu!" Tunasadiki kwamba mjomba alipona. Nyoka wengi hawana sumu, na hata mwenye sumu mara nyingine anauma bila kuitoa. Mtu huyo angepona na jiwe, angepona na ndizi, angepona bila kitu. Yule aliyepata sumu ya kweli, jiwe linamla saa zake.

Kamba ya kufunga ni mbaya zaidi kwa kifutu. Sumu inayoozesha nyama inafungiwa pahali pamoja, damu haipiti, mkono unakufa. Kama mumekuta tayari amefungwa kwa nguvu, musifungue ghafla njiani, muganga ataifungua. Wembe unafungua mlango wa damu kutoka kwa mtu ambaye sumu inazuia damu yake kuganda. Kunyonya kwa kinywa, petroli, umeme wa betri, pombe: hapana.

Ya kufanya ni machache. Mumwondoe karibu na nyoka. Mutoe pete, bangili, saa, kiatu, kabla ya kuvimba. Mumlaze, mumtulize, asitembee wala kukimbia. Mkono au mguu ufungwe kwa mti ulionyooka na kitambaa, namna ya mfupa uliovunjika, bila kukaza. Akitapika au akisinzia, alazwe kwa ubavu wa kushoto. Mwandike saa ya kuumwa. Kwa maumivu, parasetamoli. Asipewe aspirini, ibuprofene wala diklofenake, na asidungwe sindano ya matako na mtu wa barabarani, maana damu inaweza kukosa kusimama. Kope zikilegea, au sauti ikigeuka, au mate yanamshinda kumeza, hapo dakika ndizo zinahesabiwa.

Mate ya swila machoni: mayi safi, mengi, dakika 15 au zaidi, jicho likiwa wazi. Asisugue. Musitie maji ya majani. Kisha kwa muganga siku ile ile.

Kwenye kituo cha afya munaweza kuuliza kama wanafanya kipimo cha dakika 20. Hakihitaji mashine. Damu kidogo inawekwa ndani ya chupa ndogo ya kioo, safi na kavu, inaachwa dakika 20 bila kuguswa, kisha inainamishwa. Ikiwa bado inatiririka kama mayi, sumu inafanya kazi ndani ya damu na mgonjwa anahitaji serumu. Hata kama mgonjwa anaonekana sawa, abaki akiangaliwa mpaka kesho yake: kuna nyoka wa mitini ambao sumu yao inaamka polepole.

Serumu ndiyo dawa ya kweli, na ndiyo taabu yetu. Ni ghali, haiko kila pahali, na si kila serumu inafaa kwa kila nyoka. Hakuna familia inayoweza kuitafuta usiku na mgonjwa mkononi. Koperative inaweza kujua mbele ya wakati. Tunaomba kila komite, katika mkutano ujao, imtume mutu mumoja kwa muganga mkuu wa zoni ya afya na swali moja: serumu iko hospitali gani, na kama haiko, mnampeleka mgonjwa wapi? Jibu na namba za telefone ziandikwe kwenye ukuta wa depo, na RECO wa kijiji wawe nazo.

Pamoja na hilo, pikipiki. Kusini-mashariki mwa Nepal, nchi ya wakulima wa mpunga, vijiji vilipanga watu wa kujitolea wenye pikipiki kuwakimbiza walioumwa. Kati ya walioumwa na nyoka wa sumu, waliokufa walishuka kutoka karibu 10 kwa 100 hadi chini ya 1 kwa 100. Mgonjwa anakaa katikati, dereva mbele, mutu mwingine nyuma akimshika. Koperative zenye kasa ya AVEC zinaweza kuweka pembeni franga ya safari moja, isiyoguswa kwa harusi wala kwa mbegu. Muchague madereva wawili, maana mumoja atakuwa safarini siku ile.

Ziara yetu ya mwezi ujao itaanza kwenye shamba la yule mama wa Ruzizi. Ameisha kuhamisha komposti yake mwenyewe, hakutungojea. Iko chini ya mwembe, mbali na nyumba, na uma wa mpini mrefu umesimama pembeni. Atawaonyesha namna anavyogeuza kwa mkono mumoja na nusu. Muje na bote.